Siku Tuliyobadilisha Sisteme

Adela mwanangu,

Kesho asubuhi boti ya Moba inakuchukua hapa Kalemie. Utalala siku mbili kwa mama mkubwa wako, kisha lori la Pweto, kisha Lubumbashi na chuo. Sasa hivi ni jioni, jua bado halijashuka nyuma ya vilima, na wewe uko uani unacheka na rafiki zako waliokuja kukuaga. Mimi nimejifungia chumbani. Nimewaambia ninatafuta karatasi zangu za reli. Ninaandika kwa mkono, maana kwenye kompyuta, kwa vidole vyangu viwili, ningeandika mpaka boti iende na kurudi.

Maagizo ya kila siku sitayaandika. Ya kuchemsha maji, ya kufunga mlango wa chumba, ya kutopokea soda ya mtu usiyemjua, yote mama mkubwa wako amekwisha kukuagiza kwa simu mara nne, na ile ya nne nilikusikia unamsaidia kumaliza sentensi. Isitoshe, nikianza kukufundisha mambo ya nyumbani nitachekwa. Miaka minane tumekaa wawili katika nyumba hii, na ni wewe uliyenifundisha kusonga bugali usio na madonge.

Nina jambo moja tu. Linahusu kompyuta yetu, na ile siku tuliyoibadilisha sisteme, ule mfumo unaoiendesha, ulipokuwa na miaka kumi na miwili, wiki chache baada ya kumzika mama yako. Siku ile sauti ya mama yako ilipotea ndani ya mashine, na tangu hapo unaamini kwamba ni wewe uliyeipoteza. Si kweli. Nilijua si kweli tangu dakika ile ile, nikakuacha uamini. Nimeliandika mapema hivi ili nisipate njia ya kulizunguka, kwa sababu unanijua, mimi ni mtu wa kuzunguka. Sitaki upande boti na mzigo ambao si wako.

Jumamosi iliyopita ndiyo iliyonishinda. Kwa miezi kadhaa mashine ilikuwa inatuletea tangazo lile lile: sisteme hii imezeeka, haitalindwa tena, wekeni mpya. Ukasema tuibadilishe kabla hujaondoka, ili tuwe tunaonana kwa video ukiwa Lubumbashi. Kila juma nilikuwa na sababu. Mara mvua, mara umeme ni dhaifu, mara nina mgeni, na mgeni mwenyewe haonekani. Mwisho ukaniuliza, "Papa, unaogopa hii mashine?" Nikacheka. Kweli nilikuwa ninaiogopa.

Ulikuta kompyuta yetu ni nzee mno kupokea sisteme mpya ya aina ile ile, ukatafuta nyingine, nyepesi, ya bure, ukaileta kwenye flash. Mpaka hapo nilijivuna, nikasema moyoni huyu ni binti yangu. Lakini nikaona maandalizi yako. Ulinakili kila faili mara tatu, mahali patatu tofauti, ukaandika orodha kwa kalamu na kuikagua mstari kwa mstari. Ulizunguka nyumba nzima ukichomoa: friji, redio, simu yangu iliyokuwa karibu kuzimika. Jirani aliyeleta taa yake ichajiwe ulimrudisha mlangoni, tena kwa adabu iliyomwogopesha. Kisha ukaniwekea kiti chini ya swichi kuu ukutani. "Papa, kaa hapa. Muntu asiguse kitu." Nikakaa saa nzima, naogopa hata kupiga chafya.

Ule mstari unaoonyesha kazi ilipofikia ulijaa, mashine ikawaka upya, kila kitu kikawa mahali pake. Ukaweka kichwa juu ya meza ukalia. Nikakuuliza, "Unalia nini, mama? Si imekwisha muzuri?" Ukajibu bila kuinua kichwa, "Papa, ile siku ningekaa tu hivi. Ningekaa tu, singegusa kitu."

Nikatoka nje. Ulidhani nimekwenda kununua mkate, na kweli nilirudi na mkate, kwa sababu mimi ni hodari wa kurudi na mkate. Lakini nilikuwa nimetembea mpaka mto Lukuga, nikasimama pale juu ya maji nikijiuliza ni mtu wa namna gani anayemwona mtoto wake akijihukumu miaka minane, na yeye anashika ufunguo mfukoni. Nilitaka kujidanganya kwamba sikujua. Nilijua. Mtoto aliyekataa kugusa pasi tangu ana miaka kumi na miwili, aliyelaza sare zake za shule chini ya godoro ili zinyooke, mzazi wake anahitaji kuelezwa nini zaidi? Nami nilikutania mbele za watu, nikasema binti yangu ni mvivu wa pasi, na wewe ukacheka pamoja nao. Hilo ni la kwanza ninalokuomba unisamehe, na bado sijafika kwenye lenyewe.

Acha nianze nyuma kidogo. Sijui kama unakumbuka kompyuta hii ilivyofika. Mama yako ndiye aliyeitaka. Mimi, karani wa mizigo, mtu wa mihuri na karatasi za kaboni, nilisema kompyuta ni kitu cha biro, cha ofisini, si cha nyumba. Yeye alikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya mapadri, amechoka kuandika maswali ya mtihani kwa mkono. Mashine ikavuka ziwa kutoka Kigoma, imeviringishwa kwenye blanketi katikati ya magunia ya mchele. Tulipoifungua tukakuta herufi zake zimepangwa kwa Kiingereza, yeye amezoea za Kifaransa. Alikata vipande vidogo vya karatasi, akaandika herufi kwa mwandiko wake, akazibandika moja moja. Herufi Z haikukaa vizuri hata siku moja. Nilikuwa ninaiokota kwenye soksi zangu.

Kila mmoja akapata akaunti yake, jina lake na neno lake la siri. Mimi la kwangu nililisahau siku ile ile, kwa hiyo yangu ikabaki wazi kwa dunia yote. Katika ya kwake aliweka maandalio ya masomo na nyimbo za kwaya. Alipougua, akaanza kuweka sauti. Alikuwa na kile kipaza sauti kidogo cha kuvaa kichwani, anafunga mlango mchana ukiwa shuleni. Nilidhani anawarekodia wanafunzi wake imla. Siku moja akaniita kitandani, akanipa neno lake la siri, akasema, "Papa Adela, nimemuwekea mutoto vitu mu mashine. Akomae kidogo, njo umuonyeshe." Nikamwambia nitafanya. Na wewe alikuambia vilevile kwamba kuna vitu vyako mle, uvumilie tu.

Kisha akatuacha.

Unakumbuka siku ya kuondoa matanga. Ndugu zake walikuja kutoka Moba, wakagawana nguo zake kama desturi yetu inavyotaka: vitenge, viatu, lile koti la kijani. Walikuita wewe kwanza uchague. Ukasimama katikati ya wanawake wote wale, mdogo hivyo, ukasema, "Mimi sitake nguo. Vyangu viko mu mashine." Wote wakalia. Mimi nilikuwa mlangoni, nikakusikia vizuri. Ninataka ujue kwamba nilikusikia.

Lakini nilikuwa nimeona pia mambo mengine. Tangu mazishi, kila ukitoka shuleni ulikuwa unakwenda moja kwa moja mbele ya kompyuta. Neno la siri hukulijua. Ulikuwa unaketi tu, unaangalia jina la mama yako kwenye kioo na lile ua la njano aliloliweka kando yake. Chakula chako kilikuwa kinapoa. Mikono yako ilikuwa imekonda, ninakuinua mpaka kitandani bila shida. Mama mkubwa wako alilala kwetu siku zile, akayaona. Akanivuta kando akasema, "Papa Adela, uangalie. Huyu mutoto atamufwata mama yake." Tena akasema, "Vya marehemu vyote vitoke. Vikibaki, nyumba haitalala."

Maneno hayo yaliniingia nikayafanyia kazi kama amri kutoka makao makuu. Mimi ni mtu niliyefanya kazi miaka yangu yote kwa kufuata maandishi: mzigo umeshuka, funga karatasi, gonga muhuri. Nguo zimeondoka, viatu vimeondoka, sufuria zimeondoka. Kimebaki nini chake katika nyumba hii? Akaunti. Nikajiambia ni kitu cha marehemu kama koti lile la kijani, na matanga yetu hayajaisha mpaka nayo itoke. Sidhani kuna mtu mwingine Kalemie nzima aliyewahi kufikiri kwamba matanga huondolewa mpaka ndani ya kompyuta. Wazo hilo ni langu mimi peke yangu, na nililiona la busara.

Kabla ya hapo niliifungua mara moja. Ulikuwa shuleni. Niliandika neno la siri, nikakuta kabrasha lenye jina lako, ndani yake sauti nyingi, zimepewa namba. Nikafungua ya kwanza. Nitakuambia nilichosikia, lakini si hapa, subiri kidogo. Nilisikiliza kitambo kifupi sana, nikaifunga, nikaketi sakafuni. Nikasema kama mimi mtu mzima nimeanguka hivi, mtoto huyu asiyekula itamfanya nini? Sikufikiri kwamba labda wewe ungesikia na kupata nguvu. Nilidhani moyo wako umekatwa kwa kipimo cha moyo wangu.

Mashine ilikuwa imekuwa nzito, unaiwasha na unaweza kuchagua maharage yote kabla haijawa tayari. Hiyo ikanipa kisingizio. Nikamwita Papa Safari, yule fundi wa redio aliyejifunza na kompyuta, aje aweke sisteme mpya. Ilikuwa Jumamosi na wewe ulikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara. Akanakili vitu vyangu, akanakili michezo yako na michoro yako. Kisha akageuka. "Papa Adela, na hii konti ya Mama tunafanya nayo namna gani?"

"Toa."

"Kuinakili kwanza?"

"Toa tu. Matanga ilishaisha."

Akarudisha kiti chake nyuma, akanisogezea kile kipanya. "Basi ufinye weye mwenyewe. Mimi siwezi kufuta mama ya muntu."

Nikafinya mimi. Mashine ikauliza kwa Kifaransa kama nina hakika. Nikafinya ndiyo. Ikanieleza kwamba kila kilichomo kitapotea, ikauliza mara ya pili. Nikafinya ndiyo. Fundi ameuliza, mashine imeuliza mara mbili, na hakuna aliyenishika mkono kwa nguvu. Halafu Papa Safari akaingiza diski yake, akaanza kuweka sisteme mpya juu ya nafasi ile.

Kazi ilikuwa imefika zaidi ya nusu uliporudi. Hukujua hata kinachoendelea. Kesho yake ilikuwa misa, ukaenda chumba cha pili kunyoosha blauzi yako nyeupe, ukachomeka pasi. Swichi kuu ikaruka, kioo kikawa cheusi. Papa Safari akasema si kitu, akarudisha umeme, akaanza upya. Saa kumi na moja sisteme mpya ilikuwa imekaa, na picha ya milima ambayo hakuna mtu aliyeiomba.

Ukaja mbio kuangalia. Ukaona jina langu, ukaona jina lako. Ukatafuta la tatu. Ukanigeukia uniulize kama ndiye wewe uliyeharibu, nami ninaliona jicho lako lile mpaka leo. "Papa, njo mimi? Njo ile pasi?"

Papa Safari akainamia waya zake. Na mimi, baba yako, nikajibu, "Umeme ukikatika katikati ya kazi, vitu vinapotea."

Nimeifikiria sentensi hiyo kwa miaka. Kila neno lake ni la kweli, fundi yeyote atakuthibitishia. Niliichagua kwa sababu hiyo, ili nikiulizwa mbele ya Mungu niweze kusema sikudanganya. Ilikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema, na nilimwambia mtoto aliyekuwa anangoja nimwambie hapana. Neno moja lingetosha. Ungenichukia kidogo, tungelia, ungekua.

Hukulia. Ulikwenda ukazungusha waya kwenye pasi, ukaipandisha juu ya kabati. Na ninaona aibu kuandika hili: nilifarijika kwamba hukulia.

Kisha ukaanza kula, na hilo ndilo lililonidanganya kwa muda mrefu. Uliacha kukaa mbele ya mashine, mikono ikanenepa, nikajiambia unaona, ilikuwa dawa. Ukawa mtoto anayeamka kabla ya watu kufagia uwanja, asiyeomba kitu, wa kwanza darasani. Nilikuwa ninajisifu kwako mpaka wenzangu biro wakanichoka. Sikutaka kuona kwamba hukuwa mtoto aliyepona, ulikuwa mtoto anayejaribu kusamehewa. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anampikia baba yake maji ya kuoga kila alfajiri, na baba anayaoga tu, anasema asante mama.

Usidhani sikujaribu kurekebisha, ingawa nilijaribu kimya kimya, kama mwizi anayerudisha kuku. Unakumbuka safari ile niliyokwenda Kigoma kutafuta mabati, nikarudi bila bati hata moja, ukanicheka wiki nzima? Nilikuwa nimechomoa diski ya kompyuta, nikaiviringisha kwenye shati langu, nikavuka nayo. Kuna fundi huko niliyeambiwa anaweza kufufua vitu vilivyofutwa. Alihangaika nayo kutwa nzima, mtu mwema, hakula hata mchana. Jioni akaniambia, "Mzee, kingefutwa tu ningekitoa. Lakini mmeandika mfumo mpya juu yake, mara mbili, na watu wameendelea kuitumia. Hakuna tena cha kutoa." Nikamuuliza kama umeme ungekatika tu, bila mtu kufuta, vitu vingekuwapo? Akasema huenda vingi vingekuwapo. Ndiyo sababu ninakuambia kwa hakika kwamba pasi yako haikuua kitu. Kilichokuwa cha kuuawa nilikuwa nimekwisha kukiua kabla hujafika mlangoni.

Nilirudi na boti ile nimeamua nitakuambia. Ulikuja kunipokea bandarini na mwavuli, umefurahi. Nikasema kesho. Siku ya diploma yako ya sekondari nikakaribia tena. Majirani walikuwa wamekumwagia poda nyeupe mpaka kope, ukaniegemea ukasema, "Mama angefurahi, Papa." Nikafungua mdomo, watu wakaingia na sufuria zao wakizipiga, na mimi nikashukuru kwa kelele zile. Papa Safari ninakutana naye sokoni kwenye samaki. Tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto. Nikimjibu kwamba Adela hajambo, anageuza macho, anaangalia ndizi.

Nisikufiche nilichojifunza, ingawa ni kidogo kwa umri wangu. Kufinya kule ninaweza kukuelezea. Nilikuwa na hofu, nilikuwa nimefiwa, nilikuwa mjinga, na siku nyingine ninamhurumia mtu yule aliyeketi pale. Kunyamaza siwezi kukuelezea. Kufinya nilifinya mara mbili, lakini kunyamaza nimefanya kila siku, nikiwa na akili timamu na nimeshiba. Kila nilivyochelewa likazidi kuwa gumu, mpaka nikaanza kujiambia kwamba ukweli utakuumiza wewe, wakati aliyekuwa anaogopa kuumia ni mimi. Huko unakokwenda utakosea, hilo sikuombei likuepuke, maana halikuepuki. Ukikosea, mwambie yule uliyemkosea siku ile ile, hata kama sauti inatetemeka. Mimi hii yangu imetetemeka miaka minane na bado haijatoka mdomoni, inatoka kwenye karatasi.

Sasa nikuambie nilichosikia. Ni chako, na nimekishika peke yangu muda wote huu, jambo ambalo nalo ni wizi. Mwanzoni kulikuwa na kimya, kisha pumzi yake, unakumbuka alivyokuwa akipumua mwishoni. Kiti kikalia. Akasema, "Adela, mama. Ulishakula? Kula kwanza, nitakungoja." Akacheka kidogo, kwa pua, vile alivyokuwa akifanya akijua anakusumbua. Hapo ndipo nilipofunga. Mengine yote sijui, na hakuna mtu atakayejua. Siwezi kukutungia, ingawa nimejaribiwa mara nyingi kukutungia barua nzima ya mama yako na kusema nilikuwa nimeinakili mahali. Maneno hayo machache ndiyo ya kweli. Nimeyarudia kila siku ili nisipoteze hata moja, kwa sababu hayajanakiliwa popote ila kwangu.

Leo asubuhi nilimpigia simu mama mkubwa wako, nikamwambia yote. Miaka hii yote, moyoni, nilikuwa nikimtupia yeye sehemu ya kosa, kwa yale maneno yake ya matanga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Papa Adela, mimi nilisema nguo." Hilo tu. Nikamwambia najua. Akasema, "Usimupandishe mutoto mu boti na uongo. Umuambie mbele ya kuondoka, hata akikukasirikia. Mimi nitamupokea."

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii katikati ya nguo zako, uikute Moba, au mbali zaidi, Lubumbashi, mahali ambapo hasira yako haiwezi kunifikia ila kwa simu, na simu huisha umeme. Nilikuwa nimekwisha kuchagua hata mfuko wa sanduku. Kumbe nilikuwa ninakimbia tena, safari hii kwa boti yako. Kwa hiyo rafiki zako wakiondoka nitakuita ndani, nikupe mkononi, niketi mpaka umalize. Tuna jioni nzima. Unaweza kunyamaza. Unaweza kunipigia kelele majirani wote wasikie, nami nikiulizwa kesho nitawaeleza ni kwa nini. Unaweza kusema hutaki nikusindikize bandarini. Nitakubali, nitasimama mbali, lakini nitakuja.

Ninakupenda kuliko nilivyojua kukulinda. Hukuipoteza sauti ya mama yako, Adela. Hukukosea kitu siku ile. Ulikuwa mtoto ananyoosha blauzi yake ya misa.

Hapa barua imekwisha, hakuna ukurasa mwingine. Mimi niko mbele yako, nimekaa. Inua macho, uniulize tena lile swali uliloniuliza siku ile. Safari hii nitakujibu kwa mdomo wangu.

Papa yako